Sampuli ya Tatu

Magunia manne ya koka ya Justo Apaza yalipita kizuizini bila neno. Askari alitazama kadi yake ya ukulima, akagonga mhuri, kisha akachomeka mkono ndani ya gunia la kwanza na kujichotea majani ya kutafuna lindoni.

"Mazuri haya, mzee," alisema, shavu likianza kuvimba.

Halafu akamgeukia Nemesia Laruta. Nemesia alikuwa amesimama kando ya lori, kreti la chupa kumi na mbili limefungwa mgongoni mwake kwa shuka la sufu, viatu vyake vya plastiki vimejaa maji ya theluji. Kwao Tunkipata, bondeni, watu walikuwa wanatoka jasho saa hiyo. Hapa juu, barabara inapokata mlima kwenda La Paz, vidole vya miguu alikuwa havisikii tena.

"Na wewe mama, umebeba nini?"

"Soda, afande."

"Soda gani ya kubebwa kama kichanga?"

"Ya koka. Tunatengeneza wenyewe, sisi akina mama wa Tunkipata."

Askari aliacha kutafuna. "Weka chini."

"Barua ninayo. Ni sampuli hizi, nazipeleka maabara ya serikali."

"Mama, nimesema weka chini."

Apaza alichungulia kutoka kwenye lori. Alikuwa katibu wa chama cha wakulima kijijini, mtu aliyezoea kusikilizwa. "Afande, huyu ni wa kwetu. Majani yaliyomo kwenye hizo chupa ndiyo haya haya niliyobeba mimi."

"Kwenye gunia ni majani, mzee. Kwenye chupa ni... ni kitu kingine." Askari mwenyewe hakujua ni kitu gani. Akaenda kumwita mkubwa wake.

Apaza aliangalia saa, akaangalia magunia yake. "Dada Nemesia, soko halinisubiri."

"Nenda tu, kaka."

Lori likaondoka. Nemesia alikaa juu ya jiwe saa mbili nzima, huku sajini akipanda na kushuka kilimani kutafuta mtandao ampigie mtu aliyeandika barua. Hakuwa na jani hata moja shavuni la kumtia nguvu. Safari iliyopita walimwambia ofisini La Paz kwamba kutafuna mbele ya watu si ustaarabu, na tangu siku hiyo alikuwa akiondoka nyumbani mdomo mtupu, akijilaani njia nzima kwa kuwatii. Askari aliyemzuia alikuwa anatafuna kwa raha zake.

Hatimaye sajini alirudi. Alifungua chupa moja, akainusa, akainywa yote.

"Tamu," alisema. "Sasa zimebaki kumi na moja. Hawatakusumbua huko?"

"Wanataka tisa."

Tatu za ziada alizibeba kwa ajili ya watu wa njiani kama huyu. Safari ya kwanza alikuwa hajui.

*

Ofisi ya vibali ilikuwa ghorofa ya tatu. Alikabidhi chupa dirishani, akapewa kikaratasi cha namba, akaambiwa kipimo kinachukua saa tatu. Akakaa kwenye benchi, miguu ikimuuma kadiri ilivyopata joto.

Sampuli ya kwanza ilikataliwa kwa sababu ya lebo. Bertha Pinedo, mwenzake, alikuwa amechora jani la koka kwa mkono wake, jani moja tu la kijani, na ofisi ikaandika kwamba picha hiyo ni uchochezi. Walibandua lebo mia mbili wakabandika nyingine zenye jina tupu: Inala. Kila faili lina nafasi ya sampuli tatu, na hii ilikuwa ya pili. Ya tatu ikianguka, faili linafungwa kwa miaka miwili.

Na miaka miwili hawakuwa nayo. Kuchuma koka ni kazi ya vidole: jani moja moja, haraka, bila kuchubua kitawi, maana kitawi kikichubuka hakichipui sawasawa tena. Nemesia alichuma tangu ana miaka sita mpaka alipofika arobaini na saba, vidole vikavimba kwenye maungio na kukataa kukunjika. Wenzake wa kikundi cha kuchuma walimwambia kwa adabu kwamba afadhali awe anawapikia. Msimu uliofuata hawakumwita hata kupika.

Bertha aliachwa kwa sababu ya mgongo. Wengine sita ni macho, magoti, na mmoja kifua. Wanawake wanane waliokwisha kazi, walijiita hivyo wenyewe na kucheka. Wakaiomba shule kuukuu ya kijiji, wakazoa kinyesi cha popo, wakachemsha majani na sukari na ndimu, wakatia gesi. Kijiji kizima kilikunywa Inala kwenye arusi na misiba, na madereva waliificha chini ya viti. Ila chupa isiyo na kibali haifiki dukani, na chama kiliwapa shule ile mpaka sikukuu ya Kandelaria tu, mwanzo wa Februari. Bila kibali, jengo lingekabidhiwa kampuni ya soda ya Kumbre Viva iligeuze ghala. Tayari ilikuwa katikati ya Januari.

Namba yake iliitwa saa tisa.

Daktari Ximena Urioste alikuwa kijana, wa umri wa kuwa binti yake, mwenye sauti ya upole kama anaongea na mgonjwa.

"Keti, mamaa. Umechoka, eti?"

"Sijachoka, daktari. Nimelowa."

"Pole jamani." Aligeuza karatasi ili Nemesia aione, ingawa ilikuwa tarakimu tupu. "Usafi mmepata vizuri sana. Maji, sukari, chupa, safi kabisa. Shida ni majani. Yamezidi kipimo mara sita."

"Yamezidi nini?"

"Ukali."

Nemesia alijiweka sawa kitini. Alidhani ameelewa: wanawatuhumu kwamba wamechakachua.

"Daktari, yale ni majani ya juu kabisa, ya mteremko unaopata jua la asubuhi. Tulichagua moja moja, wanawake wanane, siku mbili. Lenye doa tulitupa. Lililokunjika tulitupa. Hata mtu akienda kuposa hapeleki majani kama yale. Tulijua yanakuja kwa wakubwa."

"Hapo ndipo mlipokosea, mamaa."

"Tumekosea kuchagua mazuri?"

"Jani likiwa zuri, ukali wake unakuwa mwingi. Sheria inapima ukali. Haiangalii uzuri."

"Ndani ya gunia haiupimi."

"Magunia si idara yangu."

"Askari pale mlimani alikuwa na gao zima mdomoni!"

"Mamaa." Daktari alitabasamu kwa huruma ya kweli, na Nemesia akatamani angekuwa mkali, ili apate mtu wa kugombana naye. "Kuna mtambo wa kuondoa ukali. Nchi za nje wanao."

"Na Kumbre Viva? Kibali wanacho. Wana huo mtambo?"

"Hawana."

"Basi wanafanyaje?"

Daktari aliinuka, akafungua friji ndogo nyuma yake, akatoa kopo na kulifungua. "Onja."

Kopo lilikuwa na picha ya mlima, na mwanamke mwenye kofia ya duara akicheka meno yote. Nemesia alipiga funda moja, akalizungusha mdomoni, na chini ya sukari na rangi akaikuta ile harufu. Alicheka kicheko kifupi.

"Haya yamenyeshewa."

"Unaweza kujua?"

"Mtoto yeyote wa kwetu angejua."

Koka iliyochumwa huanikwa siku hiyo hiyo na kukauka kwa saa chache za jua. Mvua ikiiwahi, inageuka nyeusi, inachacha, inanuka kama godoro la mtoto. Nguvu yake yote inakwenda. Majani ya namna hiyo Tunkipata hawampi mgeni, hawamzikii maiti, hawatazamii bahati. Yalikuwa yanatupwa bandani kwa nguruwe, mpaka Kumbre Viva ilipoanza kutuma mtu wa kuyakusanya pamoja na takataka za kufagia maghala. Watu walimcheka sana yule mtu. Walidhani anafuga.

"Wanawanywesha watu uchafu," alisema.

"Unapita kipimo, mamaa. Ni salama."

"Na yetu ni sumu."

"Sijasema hivyo. Yenu yamezidi tu." Daktari alisogeza karatasi na kumwonyesha pa kutia sahihi kwamba amepokea matokeo. Kisha akashusha sauti. "Una sampuli moja imebaki. Mimi sikufundishi kazi yako."

"Umeshanifundisha, daktari."

Vidole havikushika kalamu vizuri. Sahihi ilitoka nje ya kisanduku, ikabidi waandike karatasi nyingine.

*

"Ngoja nikuelewe, shoga," Bertha Pinedo alisema kesho yake, amejiegemeza kwenye sufuria kubwa ili apumzishe mgongo. "Tukipeleka mazuri, sisi ni wahalifu. Tukipeleka ya nguruwe, sisi ni kampuni."

Wanawake waliangua kicheko ndani ya ile shule kuukuu, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Bertha alikuwa mmoja wa Waafrika wa mabonde yale, ambao mababu zao waliletwa utumwani kuchuma koka ya mabwana, na alikuwa na kawaida ya kusema jambo lolote baya kwa sauti ya utani.

"Tupeleke hayo ya nguruwe basi," alisema mwenye macho mabovu. "Si sampuli tu? Kibali kikitoka tunarudia ya kwetu."

"Watakuja kupima kila mwezi," Nemesia alisema. "Niliuliza."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi, mpaka tufe."

Pembeni, juu ya kreti lililopinduliwa, alikuwa ameketi mama yake Nemesia, Mama Fortunata, akifuta vizibo kimoja kimoja kwa kitambaa. Alikuwa na miaka themanini na hakuwa na kazi pale, alikuja tu kwa sababu nyumbani palimchosha.

"Inala ni jina lake mwenyewe," alisema bila kuinua kichwa. "Ndilo tunalomwitia koka tukimwomba. Utalibandika jina lake kwenye maji machafu?"

Bertha alizima jiko.

Jioni Nemesia alimfuata Justo Apaza nyumbani kwake. Alimkuta barazani akishona gunia.

"Kaka Justo, nataka majani meusi. Kilo ishirini zinanitosha."

Apaza aliacha sindano hewani. "Meusi? Ya nini, wewe?"

Alimweleza yote, na Apaza akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Alisikitika kweli, hilo Nemesia aliliona, na halikumsaidia chochote.

"Meusi yote yana mkataba, dada. Tulitia sahihi mwezi wa kumi. Kila kilichonyeshewa humu kijijini na kila kilichofagiliwa ghalani ni cha Kumbre Viva. Nikikuchotea wewe, wanauvunja."

"Hata takataka zangu si zangu?"

"Uliinua mkono mkutanoni. Tuliinua wote. Tulidhani tunawauzia ujinga wao."

"Na shule je?"

"Hiyo nayo mliipigia kura. Sina ugomvi na nyie mimi, mke wangu anaipenda hiyo soda kuliko anavyonipenda mimi. Lakini Kandelaria ikifika hamna kibali, ufunguo naukabidhi. Utaniambia nini? Nitawaambia nini watu?"

"Na nikinyeshewa mimi, nyumbani kwangu?"

Apaza alirudia kushona. "Ukinyeshewa kwako usije ukaniambia, nisije nikalazimika kuliandika. Lakini nani anyeshewe? Kijiji hiki hakina mzembe wa namna hiyo."

*

Walijaribu kwanza kwa ndoo. Bertha alimwagia maji rundo dogo la majani mabichi nyuma ya shule, lakini jua likatoka na majani yakakauka vizuri, ya kijani, yananukia. Koka haiharibiwi na maji peke yake. Inataka mvua pamoja na wingu lake, ukungu wa siku mbili tatu, jua lisionekane. Hicho kitu huwezi kukitia kwenye ndoo.

"Basi itabidi tumwalike," Bertha alisema, akitazama juu. "Miaka yote tunamkimbia, leo tumwandalie chakula cha mchana."

Ilibaki wiki moja kabla ya Kandelaria. Shamba la Nemesia lilikuwa matuta machache ya koka juu ya nyumba, tayari kuchumwa, na hakuwa na vidole vya kulichuma. Akaomba usaidizi wa zamu kama kila mtu anavyoomba. Alfajiri walikuja watu tisa, wale wale wa kikundi waliomwachisha kazi, na kwa kuwa walijua mvua za Januari huanguka mchana, walichuma mbio mbio bila kusimama kunywa hata chai, ili majani ya Nemesia yawahi jua. Msichana mmoja alikuwa ananyonyesha, akamwacha mtoto analia chini ya kichaka mpaka tuta lake liishe. Nemesia aliona yote hayo. Aliwapikia supu ya karanga na hakuweza kuwatazama usoni wakati wa kuwapakulia.

"Tumekuwahishia, shangazi," yule msichana alimwambia, anajifuta jasho. "Saa nne na nusu hii. Saa nane yatakuwa yamekauka kabisa."

"Mungu awalipe," Nemesia alisema.

Aliyamwaga kwenye kachi, uwanja wa mawe meusi bapa mbele ya nyumba, akayatandaza kwa mkono yasilaliane. Mazoea yalimfanya ayatandaze vizuri. Bertha na wenzake sita walikuja wakaketi ukutani, wakasema wamekuja kumtembelea Mama Fortunata. Jua lilikuwa kali. Majani yalianza kulia kwa ukavu, na Nemesia, kwa muda mfupi ambao baadaye aliuonea aibu, aliomba mvua isinyeshe.

Saa saba wingu lilipanda kutoka bondeni.

Lilipofika kwenye migomba ya chini, mtu alipiga mbinja. Mbinja ya pili ikajibu upande wa kanisa, halafu kijiji kizima kikatoka mbio. Tunkipata mvua ikija na majani yako yako nje, hukimbilii kwako tu. Ukishafagia yako unakimbilia kwa jirani, na kama yako hayakuanikwa siku hiyo unakimbilia kachi yoyote unayoiona imetandazwa, hata ya mtu msiyesalimiana. Hakuna aliyewahi kulitungia hilo sheria. Watu waliogombania mpaka wa shamba mahakamani wamewahi kushika turubai moja, kila mmoja pembe yake, kisha wakarudi kwenye kesi yao.

Kachi ya Nemesia ilikuwa wazi, inaonekana kilima kizima, na hakuna aliyekuwa akifagia.

Wa kwanza kufika walikuwa wachumaji wa asubuhi, yule msichana mbele, mtoto anamrukaruka mgongoni. Nyuma yao alikuja Justo Apaza na ufagio mrefu, anahema, shati limechomoka.

"Nemesia! Mna nini nyie? Mmelala?"

Nemesia alisimama kwenye pengo la ukuta, akanyoosha mikono kuziba njia.

"Acheni," alisema.

"Shangazi, mvua!"

"Naiona. Acheni, rudini majumbani."

Msichana alidhani hakusikika. Akainama kupita chini ya mkono wake, na Nemesia akamshika bega, akamsukuma nyuma. Vidole vibovu havikujua kipimo cha nguvu zake. Msichana aliyumba, akajishika ukutani, mtoto akaanza kulia.

"Amerogwa huyu," mtu alisema.

"Majani ni yangu!" Nemesia alipiga kelele, na sauti ikatoka mbaya, ya mtu anayefukuza wezi. "Nimesema acheni! Nani kawaita?"

Bertha alikuwa ameshasimama kando yake, na wale sita nao, wakajipanga kwenye pengo bega kwa bega. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Apaza alikuwa ameinua ufagio tayari, akabaki nao hivyo hivyo juu, na polepole Nemesia akamwona anakumbuka mazungumzo yao ya barazani. Mkono wake ukashuka.

Matone ya kwanza yakaanguka kwenye mawe ya moto, yakatoa mvuke. Kisha mvua ikaja yote.

Wachumaji hawakuondoka mara moja. Walisimama wanalowa, wanayatazama majani waliyoyachuma asubuhi yakipigwa na kulala chini. Mwanamke mmoja mtu mzima aliweka mkono mdomoni. Halafu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga, na msichana mwenye mtoto alipopita alimkwepa Nemesia kwa mbali. Apaza aliondoka wa mwisho.

"Mimi sikuona kitu," alisema. Ufagio aliusahau ukutani.

Ndipo Nemesia aliposikia sauti nyuma yake. Mama Fortunata alikuwa ametoka nyumbani kwa mlango wa jikoni. Alipiga magoti katikati ya kachi, sketi zake ameziinua kuwa mfuko, anakusanya majani kwa viganja vyote viwili, haraka, kwa mikono iliyofanya hivyo miaka sabini. Alikuwa analia na kuomba radhi. Hakuwa akimwomba Nemesia.

"Mama, inuka."

"Nisaidie basi! Umesimama tu! Yatakufa haya!"

"Mama, ni kwa ajili ya kibali."

"Kibali gani? Chukua ule upande!"

Nemesia alipiga magoti mbele yake juu ya mawe. Aliishika mikono ya mama yake, akaifungua kidole kimoja kimoja kwa vidole vyake visivyokunjika, ikachukua muda mrefu. Kisha akakunjua sketi na kuyamwaga majani, akayatandaza tena, vizuri, yasilaliane, ili mvua iyafikie yote. Bertha alimwinua bibi na kumpeleka ndani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote wa kusema.

Mvua ilinyesha karibu saa nzima, ikakatika. Ukungu ulibaki umekaa juu ya nyumba. Wanawake walisogea ukingoni mwa kachi na kumngoja Nemesia. Aliinama, akachagua jani moja lililolowa kuliko mengine, akalitia shavuni, akatafuna, macho yamefumbwa. Walimtazama taya.

Lilikuwa la mteremko wa jua la asubuhi. Kwanza akaisikia ile ladha, chungu na safi, kisha shavu likafa ganzi taratibu mpaka kwenye ulimi, kama linavyotakiwa kufa.

"Bado lina nguvu," aliwaambia.

Wakaketi ukutani, nguo zimewaganda mwilini, kungoja mvua nyingine.